Mfanya usafi wa chuo ni mwajiriwa wa nani?

Kiswahili kimefundishwa SOAS, chuo kilicho katikati ya London, kwa takribani karne moja. Kwa wasomi wetu jina hilo ni la kamusi na tasnifu. Habari za wafanya usafi wake hazivumi sana, ingawa kwangu zinakieleza chuo hicho kuliko maktaba yake.

Walifika alfajiri, wengi wakiwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini. Ofisi za maprofesa waliziingia kila siku, lakini chuo hakikuwahesabu kuwa watu wake: mwajiri alikuwa kampuni iliyoshinda zabuni. Tofauti hiyo ilijitokeza mtu akiugua. Mhadhiri akishikwa na mafua, alilala nyumbani na mshahara ukaingia kama kawaida. Mfanya usafi mwenye mafua yaleyale aliambulia kima cha chini cha kisheria, ambacho Uingereza wakati ule kilianza kulipwa siku ya nne. Siku tatu za kwanza ni zake na Mungu wake. Nani asingekwenda kupiga deki na homa yake?

Mashariki mwa jiji hilohilo, chuo cha Queen Mary kilikubali mwaka 2006 kulipa ujira unaomwezesha mtu kuishi London, cha kwanza kati ya vyuo vikuu vya Uingereza, kisha kikawaajiri wafanya usafi moja kwa moja. Wenzao wa SOAS waliungana na wanafunzi na chama cha wafanyakazi, wakaupata ujira huo 2008. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Juni, waliitwa kikaoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wamejificha wakiwasubiri. Tisa walikamatwa, na baadhi yao wakarudishwa makwao siku chache tu baadaye. Wanafunzi waliikalia ofisi ya mkurugenzi. Mtu anaweza kumtupia mkandarasi lawama, lakini kikao kilifanyika ndani ya jengo la chuo.

Ilibidi kungoja hadi Agosti 2017 ndipo uongozi ulipokubali kuwaingiza wafanya usafi, walinzi na wahudumu wa mgahawa katika ajira ya chuo, na wakaingia mwaka uliofuata.

Chuo Kikuu cha Cape Town kilikwenda mbele zaidi. Kazi hizo kilikuwa kimezikabidhi kwa makampuni mwaka 1999. Wanafunzi walipoandamana kupinga ada mwaka 2015, waliibeba pia hoja ya wafanyakazi hao, na Julai 2016 zaidi ya 1,000 wakawa waajiriwa wa chuo. Wakapata na nafuu ya ada kwa watoto wao. Kwangu hiyo nafuu inapita nyongeza yoyote ya mshahara, kwa sababu inamfikia mtoto wa mlinzi wa getini.

Siku hizi vyuo vinapenda kuzungumzia ustawi: ushauri nasaha, afya ya akili, mazoezi ya viungo saa ya chakula cha mchana. Vizuri, ila aliyeanza zamu kabla ya jua kuchomoza saa hiyo yuko njiani kwenda kibarua cha pili.

Vyuo vyetu navyo hutangaza zabuni za usafi na ulinzi, na aghalabu mwenye bei ya chini ndiye anayepewa. Bei hiyo hushuka kwa kubana mishahara, kwani ufagio na sabuni dukani bei ni moja kwa wote. Baraza la chuo linaweza kuandika ndani ya zabuni kima cha mshahara, likizo yenye malipo na michango ya hifadhi ya jamii, na kumtaka mkandarasi alete uthibitisho wa malipo kila mwezi kabla hajalipwa yeye.