Rangi Inayopunguzwa Ili Ing'ae

Mwenye gari jeusi aghalabu huijua huzuni hii. Asubuhi, kabla jua halijapanda, gari lake lililooshwa jana huonekana mfano wa kioo, hata majani ya mwembe ulio ng'ambo ya ua waweza kuyahesabu juu ya boneti; lakini ifikapo saa sita, jua likisimama utosini, boneti ile ile hufunikwa na maelfu ya nyuzi nyembamba zilizojipanga duara ndani ya duara kuizunguka taswira ya jua, kama utando wa buibui uliotandwa usiku, na ule weusi uliokuwa na kina cha maji ya kisima hugeuka kijivu cha majivu baridi. Hapo ndipo mtu huanza kuuliza habari za polishi ya mashine, na hapo pia ndipo magari mengi ambayo rangi yake ingalidumu miaka kumi mbele huharibiwa kwa alasiri moja, kwa kuwa mwenye gari hakuijua kadhia aliyoiingia, wala aliyeishika mashine hakuijua.

Kwanza na tuyatazame yale maduara. Simama mbele ya boneti hiyo, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia taratibu, nawe utaona kwamba maduara yote yanakufuata, yakihama pamoja na taswira ya jua. Jambo hilo lisingewezekana kama yangekuwa yamechorwa katika rangi. Kwa hakika katika rangi hamna duara hata moja. Iliyomo ni mikwaruzo midogo mno iliyopita kila upande bila mpango, na kila mkwaruzo huirudisha nuru kwenye jicho pale tu ulipoukingama mwonzi wa nuru. Kwa hiyo, kati ya elfu zilizopo, zile zilizokaa kama zinazolizunguka jua ndizo zionekanazo, na nyingine hujificha mpaka utakapohama. Sufuria la alumini lililosuguliwa kwa mchanga hufanya vivyo hivyo likianikwa juani. Nuru ikianguka juu ya uso laini hurudi yote kwa pamoja, nasi hukuita huko kung'aa. Ikianguka juu ya uso wenye mifereji hutawanyika, nasi husema rangi imefifia, ilhali rangi yenyewe iko chini, salama, haijaguswa.

Maana rangi ya gari si tabaka moja. Juu kabisa ya bati hutangulia tabaka ya kuzuia kutu, ambayo kiwandani hutiwa kwa umeme bodi zima likiwa limezamishwa birikani. Juu yake huja prima. Juu ya prima huja rangi yenyewe, nyeusi au nyekundu au buluu. Na juu ya yote hupakwa laka angavu isiyo na rangi, ambayo mafundi wetu huiita klia. Tabaka zote hizo zikijumlishwa, katika gari lililotoka kiwandani, kwa kawaida hupata maikroni 100 hadi 150 hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake aghalabu ni maikroni 35 hadi 50. Unywele mmoja wa kichwa cha binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Basi kinga yote ya rangi dhidi ya jua la pwani, mvua, kinyesi cha ndege na utomvu wa miti ni ngozi nyembamba kuliko unywele, na ndani ya ngozi hiyo hiyo ndimo inamokwaruzwa mikwaruzo, na ndimo fundi anamoingia kuiondoa.

Nasema kuiondoa, na ni lazima neno hili lieleweke sawasawa, kwa kuwa karibu kila mtu niliyezungumza naye hudhani kwamba polishi ni kitu kinachoongezwa juu ya gari, kama mafuta yanavyopakwa mwilini. Polishi ya mashine haiongezi kitu, inapunguza. Mkwaruzo ni mfereji, na mfereji haufutiki kwa kujazwa, bali kwa kuushusha uso wote ulio pande zake mpaka ulingane na kina chake, mfano wa mtu mwenye shimo katika sakafu ambaye, badala ya kuliziba, huichonga sakafu nzima hadi chini ya shimo. Zipo dawa za kujaza, zenye mafuta na nta, nazo hupendeza macho kwa majuma mawili matatu. Zikishaoshwa, mifereji hurudi kama ilivyokuwa. Anayetaka mikwaruzo iondoke kweli hana budi kutoa klia, na klia iliyotoka hairudi ila kwa kupulizwa upya. Ndani yake, tena, mmetiwa viambato vya kuinywa miale mikali ya jua isiifikie rangi. Kila inapopunguzwa, kinga hiyo nayo hudhoofika. Wale wanaoona Mombasa au Dar es Salaam magari yaliyobabuka mapaa, klia imekatikakatika na kuacha kingo nyeupe kama ngozi ya mgonjwa, wameuona mwisho wa kinga hiyo.

Haikuwa hivi tangu zamani. Magari ya kwanza yalipakwa vanishi kwa brashi, na kazi ya gari moja ikachukua majuma kwa kungoja tabaka zikauke, hata zilipotokea laka za naitroselulosi, ambazo kampuni ya DuPont pamoja na General Motors walizitia katika gari la Oakland la mwaka 1924, ikawa gari lapakwa likakauka kwa muda mfupi. Laka hizo zilihitaji kusuguliwa ndipo zing'ae, na rangi ilikuwa nene, ikistahimili kusuguliwa mara kwa mara, kitambaa kikatoka na rangi ya gari yenyewe; wazee waliopata kuyatunza magari hayo huyakumbuka hayo. Klia ilienea katika viwanda miaka ya 1980, na mazoea ya mikono ya zamani yakaendelea juu ya kitu kipya chembamba zaidi. Madhara mengi yanayotokea leo yametokana na hapo.

Unga unaofanya kazi hiyo ndani ya dawa ya polishi aghalabu ni alumina, nayo, ikiwa fuwele, ndiyo ile ile yakuti ya pete. Yakuti nyekundu na yakuti ya buluu ni alumina iliyotiwa rangi na uchache wa madini mengine. Ajabu ilioje kwamba jiwe lililothaminiwa na masultani kwa ugumu wake ndilo, likisagwa likawa unga usioshikika kwa vidole, linaloparuza klia ya gari la abiria. Na ugumu huo ndio sababu, kwa kuwa kinachoparuza sharti kiwe kigumu kuliko kinachoparuzwa. Dawa kali huwa na chembe kubwa zaidi, dawa laini chembe ndogo, na baadhi ya dawa za siku hizi zina chembe zinazovunjika na kuwa ndogo kadiri zinavyosuguliwa, zikaanza kwa kukata na kumaliza kwa kulainisha.

Ama mashine, ziko za namna mbili, na tafauti yake ni kubwa. Ya kwanza huzunguka katika mhimili mmoja tu, mizunguko mia sita hadi elfu mbili na zaidi kwa dakika. Inakata upesi, nayo huzalisha joto katika mahali pamoja. Ya pili huzunguka huku ikiyumba nje ya kitovu chake, mfano wa dunia inayojizungusha huku ikilizunguka jua, na yumbayumba hiyo, ya milimita 15 au 21 katika mashine nyingi zilizoenea, huizuia sponji isirudie njia ile ile. Ukiikandamiza mno huacha kuzunguka, ikabaki kuyumba tu, na hilo ni hifadhi kwa mwanagenzi. Ninaamini, bila kusitasita, kwamba asiyefundishwa asishike ile ya kwanza juu ya gari la mtu.

Naamini hivyo kwa sababu niliyalipia maarifa hayo. Miaka kadhaa iliyopita nililipeleka gari langu la buluu iliyokoza katika gereji moja ya hapa mjini, ambapo kijana aliikamata mashine ya mhimili mmoja kwa ujasiri mkubwa, akaipitisha juu ya uzi wa mlango wa nyuma, ule mstari uliojitokeza, bila kuufunika kwa teipu. Klia na rangi, zikiwa bado majimaji wakati wa kupulizwa, hukimbia kutoka kwenye kingo na kujikusanya katika tambarare, kwa hiyo ukingo daima ni mwembamba. Sponji ikiukaa hata kwa pumzi moja, joto na msuguano hukutana hapo. Nikasikia harufu ya mpira uliochomwa, na aliponyanyua mkono uzi ule ulikuwa umegeuka kijivu cha prima, mstari wenye urefu wa kidole cha shahada. Siku ya tatu, gari liliposhaoshwa, milango yote ilionyesha juani mawimbi marefu yanayocheza kama mafuta juu ya maji ya bandarini, na hayo ni alama ya mashine iliyoendeshwa kwa dawa kali bila kumalizwa kwa dawa laini.

Baadaye nilipata fundi wa namna nyingine, mtu wa makamo anayefanya kazi chini ya turubali, naye alinipokea kwa jambo nililolidharau mwanzoni: hakuitoa mashine. Kwanza aliosha, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa kila kilipogusa gari. Kisha alitwaa kipande cha udongo laini wa kusafishia, akakifinyanga kama unga wa chapati, akalowesha boneti kwa maji ya sabuni, akakiteleza juu yake huku na huku. Mwanzo kilisikika kikikwaruza juu ya chembe za chuma zilizoganda na vumbi la reli, halafu kikawa kimya, na hapo akasema boneti imetakata. Akachukua kipimo cha unene wa rangi, kidogo kama redio ya mfukoni, akakigusisha bodi mahali zaidi ya thelathini, akiniambia namba moja moja. Paa lilikuwa maikroni 118. Mlango wa dereva ulikuwa 290, na hapo nikajua, bila kuambiwa na aliyeniuzia, kwamba mlango huo ulikwisha kupulizwa upya. Gari linaloingia bandari ya Mombasa kutoka Japani laweza kuwa na umri wa miaka saba, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu lililopita minane, na hapana ajuaye huko lilikotoka lilipigwa mashine mara ngapi. Kipimo pekee ndicho kinachoweza kutoa ushahidi.

Alifanya jaribio katika mraba wa shibiri mbili hivi, akianza kwa sponji laini na dawa laini. "Mzee," akaniambia, "dawa ndogo ikitosha, ya nini kubwa?" Matone manne ya dawa, kila moja kiasi cha punje ya choroko, akayapaka kwanza mashine ikiwa kimya, akaiwasha polepole, akaipitisha kwa mwendo wa konokono, sentimita chache kwa nukta, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na kila baada ya mraba mmoja aliweka kiganja juu ya bati kupima joto. Akafuta kwa kitambaa laini, akanyunyiza spiriti iliyochanganywa na maji kuondoa mafuta yote yanayoweza kuficha mkwaruzo, kisha akashika tochi kwa pembeni. Pale sponji ilipopita palikuwa na buluu kamili, na pale isipopita utando wa buibui ulikaa vile vile, mpaka wa pande mbili ukiwa umenyoka kama uzi wa seremala.

Nikamwuliza ni nini kinachochora utando huu, naye alijibu bila kunyanyua macho: ni kuosha kwenyewe. Kijana anayefuta vumbi kavu kwa tambara mbele ya duka anakata gari kwa mchanga wa barabara; sponji iliyoanguka chini ikaokotwa ikaendelea na kazi inakata; ndoo moja ya maji inayotumika kwa magari manne inakata. Na katika miji ya pwani ambako wengi hutumia maji ya kisima yenye chumvi, gari lililoachwa likauke juani hubaki na madoa ya chokaa, ambayo mtu huyasugua kwa nguvu, akaongeza mikwaruzo juu ya madoa. Kati ya jambo hili na mashine, mimi naliona hili kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mwenye gari hupiga mashine mara moja katika miaka kadhaa, hali anaosha kila juma.

Alipofika mlango wa abiria, chini ya kitasa, palikuwapo mkwaruzo mmoja uliotiwa na kitu kama ufunguo. Akauvuta ukucha wa kidole gumba juu yake, na ukucha ukanasa. Akapima: 86. Nilikuwa tayari kulipa zaidi ili uondoke, nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akaupitia mara mbili tu kwa sponji laini, kingo zake zikapoteza ukali na mkwaruzo ukafifia hata usiweze kuonwa ila na anayejua ulipo. Kisha akazima mashine. "Mzee, huu tunauacha," akasema, akafungua kopo la nta, akaendelea na mlango wa nyuma.