Bibi yake alikuwa wapi?

Wamama, Jumapili baada ya ibada tulipeleka watoto kwenye kaburi la George Grenfell, hapa kwetu Basoko. Njiani tuliwaonyesha mahali Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa, ambapo tarehe 1 Februari 1877 mababu zetu walimtokea Stanley kwa mitumbwi ya vita. Wavulana walitaka kubaki palepale!

Kaburini walitulia. Tuliwaeleza: Mwingereza huyu alipita mito yetu akiichora kwenye ramani, akiwa na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Peace. Homa ilimuua Basoko tarehe 1 Julai 1906.

Msichana mmoja mdogo akauliza: “Na bibi yake alikuwa wapi?”

Alikuwa ndani ya meli. Aliitwa Rose, mwanamke mweusi wa Jamaica. Alisafiri na mtoto mchanga, Pattie, na kuna siku walirushiwa mishale kutoka ukingoni. Pattie alikua, akafariki kabla ya baba yake. Sisi tuliolea watoto kando ya mto huu tunajua safari kama hiyo ni nini, hata bila mishale.

Wiki hii watoto wanachora ile meli. Yule msichana ameanza na Rose.