Mji Upi kwa Msafiri Asiye na Gari? Safari Fupi za Kutoka Tarime

Safari ya pembeni ni ile safari ya siku moja au mbili ambayo mtu huifanya akiwa tayari yuko ugenini kwa shughuli nyingine, iwe ni kikao cha kazi, harusi, msiba au kusubiri mzigo mpakani, na ambayo humrudisha alikofikia kabla shughuli hiyo haijamhitaji tena. Mgeni aliyefikia Tarime mjini ana sehemu nne za kuchagua kwa safari ya namna hiyo, nazo ni Musoma, Butiama, Mugumu na Sirari, na kila moja ina sifa zinazojulikana. Hata hivyo, sifa za mji kwa mwenye gari lake si lazima ziwe sifa zake kwa anayetegemea basi, Haisi au bodaboda, na makosa mengi ya uchaguzi huanzia hapo.

Tatizo hili halikuzaliwa Mara. Mgeni aliyeko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akitaka siku moja ya kutoka nje ya jiji bila gari, hulinganisha Reims, Lille na Rouen, na kwa kawaida jibu hulipata kwenye ratiba ya treni: treni ya mwendokasi humfikisha Reims kwa takribani dakika 45, na kutoka stesheni hadi kwenye kanisa kuu walimotawazwa wafalme wa Ufaransa ni mwendo wa miguu usiochosha. Mkoani Mara reli haipo, kwa kuwa ile ya kuunganisha Arusha na Musoma imebaki kwenye mipango kwa miaka mingi, na magari mengi madogo ya abiria huondoka yakijaa badala ya kufuata saa. Kwa hiyo msafiri hana budi kupima mambo mawili ambayo mgeni wa Paris hupimiwa na shirika la reli. La kwanza ni uhakika wa kurudi, yaani saa ambayo gari la mwisho la kuaminika huondoka kule anakokwenda. La pili ni mwendo wa mwisho, yaani sehemu ya njia inayobaki baada ya kushuka kwenye gari kubwa hadi kufikia kitu chenyewe kilichofuatwa. Umbali wa barabara kuu, ambao wengi huuliza kwanza, ni jambo la tatu.

Kwa vipimo hivyo Musoma inasimama vizuri sana. Barabara kuu ya lami inayotoka Sirari kwenda Mwanza hupita Tarime, huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, ambapo abiria wa dirishani huona mafunjo ya kinamasi yakitanda pande zote mbili, na hufika Makutano, mahali ambapo njia ya Musoma na ile ya Butiama huachana nayo. Hapo pana tahadhari moja: basi la Mwanza lisiloingia Musoma humshusha abiria Makutano, naye hulazimika kutafuta usafiri mwingine hadi mjini, kwa hiyo ni vema kumuuliza kondakta kabla ya kulipa nauli wala si baada ya kuketi. Stendi kuu ya Musoma iko Bweri, nje kidogo ya katikati ya mji, na kutoka hapo mwendo wa mwisho hukamilishwa kwa daladala, bajaji au bodaboda kwa fedha ndogo.

Baada ya hapo miguu inatosha. Mtaa wa Mukendo, kilima cha Mukendo chenye mawe makubwa, soko, fukwe za Ziwa Victoria na mwalo wa Mwigobero vyote vinaweza kutembelewa kwa siku moja bila haraka. Shule ya Msingi Mwisenge nayo imo mjini humo, ambako Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, baada ya kutoka Butiama kwa miguu, mwendo wa takribani kilomita 40. Msafiri wa leo anayelalamikia nusu saa ya kusubiri Haisi ijae hana budi kuukumbuka mwendo huo.

Mwigobero pana kivuko cha serikali kinachovuka ghuba kati ya Musoma na Kinesi, wilayani Rorya. Kwa asiye na gari, kivuko hiki ni zaidi ya chombo cha kumfikisha ng'ambo, kwa kuwa humpatia mwonekano wa ziwa ambao mwenye gari akipita Kirumi haupati kamwe, naye huuona akiwa amesimama kati ya baiskeli, pikipiki, matenga ya samaki na akina mama wanaorudi kutoka sokoni. Mtu aliyekwenda Musoma kwa basi anaweza kurudi kwa kivuko, kisha akatafuta gari la kumrudisha Tarime kupitia barabara za Rorya, mradi avuke mapema na awe amewauliza wenyeji wa mwaloni kuhusu magari ya siku hiyo. Njia hii haifai siku ya mvua kubwa, wala haimfai mwenye basi la kuwahi jioni hiyo hiyo.

Butiama ina mvuto wa aina nyingine, na kwa Mtanzania pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hapo alizaliwa Mwalimu Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na hapo alizikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Eneo la Mwitongo, lenye makazi ya familia na kaburi lake, pamoja na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, viko karibu kiasi cha kutosha kutembelewa kwa miguu. Upungufu wa Butiama uko kwenye kurudi. Ni kijiji kilichopata hadhi ya makao ya wilaya, kiko pembeni ya barabara kuu, na jioni magari ya kwenda Makutano hupungua, hivyo anayetoka Tarime anashauriwa aanze na Butiama asubuhi, kisha amalizie Musoma, badala ya kufanya kinyume chake. Tarehe 14 Oktoba, ambayo ni Siku ya Nyerere, wageni huongezeka, na mwenye kutaka utulivu wa kusoma maelezo ya makumbusho hana budi kuchagua siku nyingine.

Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ndiyo inayowapotosha wengi. Jina la wilaya humfanya mgeni aamini kwamba akishuka stendi ya Mugumu amefika hifadhini, ilhali Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye kilomita za mraba 14,763, ina mageti yake, na lango la Ikoma liko mbali na mji. Mwendo wa mwisho hapa ndio safari yenyewe. Ndani ya hifadhi mgeni haruhusiwi kujitembelea kwa miguu wala kuingia kwa pikipiki, kwa hiyo bodaboda iliyomfaa Musoma humwacha getini. Njia zinazobaki ni mbili: kuchangia gari la utalii na wenzake, jambo linalohitaji kupangwa mapema, au kupanda basi la kwenda Arusha linalokatiza hifadhi, ambalo humwonyesha nyumbu na swala dirishani bila kusimama kwa ajili yake, na ambalo halimrudishi Tarime. Kuvuka kwa nyumbu katika Mto Mara, ambako kwa kawaida huonekana kati ya Julai na Oktoba, hutokea upande wa Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, mahali pasipofikika kwa usafiri wa umma.

Zaidi ya hayo, barabara ya Tarime hadi Mugumu kupitia Nyamongo, yenye urefu wa karibu kilomita 87, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, na wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, vipande vya udongo huweza kuongeza saa nzima au zaidi. Mugumu inafaa kwa mwenye siku mbili, naye alale huko usiku mmoja.

Sirari haihitaji maneno mengi. Ni mji wa mpakani wenye biashara tele, uko karibu na Tarime kuliko sehemu nyingine zote, magari yake hayakatiki mchana, na nusu siku inautosha. Anayetaka kuvuka kwenda Isebania, upande wa Kenya, abebe hati halali ya kusafiria na afuate taratibu za uhamiaji, kwa sababu njia za vichochoro zimewaletea wengi usumbufu usio wa lazima.

Kwa hiyo, mwenye siku moja aende Musoma. Mwenye siku moja na ari ya kuamka alfajiri aanzie Butiama na amalizie Musoma. Mwenye siku mbili na fedha ya kuchangia gari la hifadhini aende Mugumu. Na mwenye nusu siku tu aende Sirari. Yeyote kati yao, akishuka stendi, amuulize wakala wa mabasi saa ya gari la mwisho la kurudi kabla ya kuondoka eneo hilo.