Uchimbaji Matini katika Majadiliano ya Bunge: Mzizi wa Kitenzi na Hatari ya Kupoteza Ukanushi

1.0 Utangulizi

Uchimbaji matini ni matumizi ya programu za kompyuta kubaini ruwaza za taarifa katika matini nyingi ambazo hazijapangwa katika majedwali. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania ni mfano bayana wa matini hizo: ni ndefu, zimeandikwa kwa Kiswahili, na hoja, maswali na majibu yake yamo katika mtiririko wa mazungumzo. Mtafiti anayechunguza namna malipo ya wastaafu yalivyojadiliwa katika mikutano kadhaa hawezi kuzipitia kurasa zote kwa urahisi. Makala hii inafafanua namna zana hizo zinavyoweza kumsaidia, na inadai kwamba katika Kiswahili uamuzi wa namna ya kulichanganua neno ni uamuzi wa kimaana, si usafishaji wa data tu.

2.0 Kuandaa Matini

Hatua ya kwanza ni kuondoa namba za kurasa na vichwa vinavyojirudia. Jina la msemaji halifutwi, bali hugeuzwa kuwa lebo ya usemi wake. Hatua ya pili inahusu semi za kimazoea. Kirai "Mheshimiwa Spika" hujirudia mno. Kikiachwa, hutawala orodha ya marudio na kuificha mada. Hata hivyo, mtafiti wa adabu ya lugha atakihitaji kirai hichohicho, pamoja na maelezo kama "(Makofi)". Kilicho takataka kwa swali moja ni data kwa swali jingine.

3.0 Mzizi na Ukanushi

Programu inayohesabu maneno kwa umbo la nje itayachukulia walilipwa, watalipwa, hawakulipwa na wasipolipwa kuwa maneno manne yasiyohusiana. Suluhisho la kawaida ni kutumia kichanganuzi cha kimofolojia, kama kile cha mfumo wa SALAMA uliobuniwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kisha kuyarejesha maumbo yote kwenye mzizi -lip-. Kwa njia hiyo mada huonekana. Tatizo ni kwamba mtafiti akibaki na mzizi peke yake, mstaafu aliyelipwa na yule ambaye hakulipwa huhesabiwa pamoja. Matokeo yataonesha kuwa malipo yalitajwa sana, lakini hayataonesha kama yalisemwa kuwa yamefanyika.

Kiini cha tatizo ni kwamba ukanushi wa Kiswahili aghalabu umo ndani ya kitenzi, kama katika ha-wa-ku-lip-w-a. Kutafuta ha- mwanzoni mwa neno hakutoshi, kwani habari, hatua na hadithi huanza vivyo hivyo. Katika wasipolipwa, ukanushi unabebwa na -sipo-, katikati ya neno. Aidha, hulipwa, lenye hu- ya mazoea, na hulipwi, lenye ukanushi wa nafsi ya pili umoja, hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu. Kwa sababu hiyo, kila kitenzi kihifadhiwe katika safu nne: umbo asilia, mzizi, hali ya uyakinishi au ukanushi, na kauli. Swali la utafiti ndilo litakaloamua safu ipi ihesabiwe.

4.0 Uhakiki na Hitimisho

Hata uchanganuzi sahihi wa neno una mpaka wake. Katika sentensi "Hakuna mstaafu aliyelipwa", kitenzi aliyelipwa ni yakinishi kwa umbo, ilhali sentensi nzima inakanusha. Hivyo, mtafiti hana budi kuchagua sampuli nasibu ya sentensi, kuzisoma katika muktadha wake, na kulinganisha uamuzi wake na wa programu kabla ya kutoa takwimu yoyote. Zana za uchimbaji matini humwonesha mtafiti mahali pa kusoma; hazimwondolei wajibu wa kusoma. Wajibu huo ni mzito zaidi pale ambapo kiambishi kimoja ndicho kinachomtenganisha aliyepata haki yake na aliyeikosa.