Kifaransa cha Mweiga na Ile "e" ya Mwisho

Mtoto wa Mweiga, karibu na Nyeri, anayejifunza Kifaransa hutishika akikuta aller, yaani kwenda, imegeuka: "il faut que j'aille", yanipasa niende. Faire huwa fasse, être huwa sois, savoir huwa sache.

Lakini asikate tamaa. Kwao, Kikuyu husema "tũthome". Sisi wa pwani twasema "tusome". Ile "e" ya mwisho ndiyo kazi hiyo hiyo: kutaka, kuomba, kulazimu. Na aliyesoma Kiarabu ajua kwamba "yaktubu" huwa "an yaktuba".

Basi maana anayo tangu utotoni. Kilichobaki ni maumbo machache, ayakariri kwa sauti kila siku, kama tulivyofanya chuoni.