Simu ya mkononi na stoo ya dawa



Baadhi ya kamati zimetuuliza kama inafaa michango ya waumini itumike kuzinunulia zahanati simu za mkononi, ili taarifa za afya zifike wilayani haraka. Katika toleo hili tunalijibu swali hilo kwa kueleza kazi iliyofanyika Tanzania kuanzia mwaka 2009, maana inaonyesha vizuri simu inaweza nini na haiwezi nini.

Tatizo lilikuwa nini?

Malaria kwa mtoto mdogo haisubiri. Mtoto aliyeanza homa leo anaweza kuzidiwa kesho au keshokutwa. Mama akifika zahanati na kuambiwa dawa mseto imekwisha, anabaki na njia mbili: kununua dukani kama ana fedha, au kurudi nyumbani na mtoto mgonjwa.

Wakati huo zahanati ziliomba dawa kwa fomu za karatasi kila baada ya miezi mitatu. Dawa ikiisha katikati ya kipindi hicho, wilaya haikuwa na njia ya kujua mapema. Inawezekana kabisa zahanati moja ikawa na maboksi ya ziada na jirani yake haina hata dozi moja, na Mganga Mkuu wa Wilaya asijue habari ya yoyote kati yao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila habari ilichelewa.

Kazi ilivyofanyika

Mradi uliitwa SMS for Life. Ulisimamiwa na Wizara ya Afya pamoja na ushirikiano wa kimataifa wa Roll Back Malaria, Vodafone, IBM na Novartis, ambao ndio watengenezaji wa mojawapo ya dawa mseto. Ulijaribiwa kwa wiki 21, kati ya mwaka 2009 na 2010, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Ulihusisha vituo 129 vinavyohudumia vijiji 226 na watu wapatao milioni 1.2.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mara moja kwa wiki mhudumu alipokea ujumbe mfupi kwenye simu yake mwenyewe, ukimkumbusha kuhesabu dawa. Alikwenda stoo, akahesabu pakiti za dawa mseto za ukubwa wa aina nne na sindano za kwinini, ambazo wakati huo zilitumika kwa malaria kali. Kisha alijibu kwa alama ya kila dawa na idadi iliyobaki. Kutuma ujumbe hakukumgharimu kitu, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Hesabu za vituo vyote zilikusanywa mahali pamoja, na viongozi wa afya wa wilaya waliziona kwenye kompyuta au simu zao.

Matokeo

Kwa wastani, taarifa zilipatikana kwa asilimia 95. Wiki ya kwanza, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa 26.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye namba hiyo ya pili. Lindi Vijijini ilimaliza kabisa upungufu ilipofika wiki ya 8, na baada ya hapo karibu haukuonekana tena. Kwa hiyo upungufu uliobaki mwishoni ulikuwa katika wilaya nyingine mbili. Ujumbe ulikuwa ule ule na siku ya kuhesabu ile ile, lakini mafanikio hayakulingana.

Sababu yake ni kwamba ujumbe haubebi dawa. Mtu lazima aione hesabu, aamue kuhamisha maboksi kutoka kituo chenye ziada au kuagiza mengine, kisha yapatikane gari na mafuta ya kuyafikisha. Na kama stoo ya wilaya yenyewe ni tupu, kujua mapema hakutoshi.

Mafunzo kwa kamati zetu

Tangu wakati huo mambo yamesonga mbele. Mwaka 2011 mpango huo ulianza kupanuliwa nchini Tanzania, na miaka iliyofuata taarifa za MTUHA zikaanza kuingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Hata hivyo, kamati inayotaka kuchangia kazi ya aina hii bado inapaswa kuuliza maswali haya:

1. Nani anapokea taarifa, na ana mamlaka gani ya kuchukua hatua? Kama hakuna jibu, simu itaongeza taarifa zisizosomwa.

2. Leja ya dawa inajazwa kila siku? Hesabu isiyo sahihi ikitumwa haraka, kosa nalo linafika haraka.

3. Nani atalipia ujumbe, kuchaji simu na kuitengeneza? Wahudumu wengi tayari wana simu zao. Wanachokosa mara nyingi ni salio na umeme.

4. Ni taarifa za nini? Idadi ya dawa haimdhuru mtu. Majina ya wagonjwa na magonjwa yao ni siri, hayafai kupita kwenye simu inayoshikwa na familia nzima.

5. Mhudumu atarudishiwa nini? Anayetuma hesabu kila wiki bila kuona dawa ikiletwa atachoka, na hatumlaumu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kabla ya kununua simu, kamati ikae na mganga mfawidhi wa zahanati na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, wakubaliane nani atafanya nini siku hesabu itakaposoma sifuri. Huenda mkagundua kwamba mchango wenu unahitajika zaidi kwenye mafuta ya pikipiki ya kupeleka dawa, au paneli ya sola ya kuchajia. Vitu hivyo havipendezi sana kwenye picha za ripoti, lakini ndivyo vinavyomfikishia mtoto dozi yake.