NANI KASEMA PEMBA HAKUNA MLIMA?

Mtoto wa mjini ukimwambia twende tukapande mlima, mawazo yake yanarukia Kilimanjaro: mita 5,895, barafu, na mabuti ya kukodi. Mwambie mlima wenyewe uko Pemba, atacheka mpaka atoe machozi. Kisiwani kote hakuna kilima kinachofika hata mita 150. Dar kuna maghorofa yanayokipita!

Lakini cheka polepole, msomaji wangu. Kati ya Pemba na Bara umelala mkondo wa bahari wenye kina kinachofika mita 800 hivi. Unguja na Bara wametenganishwa na maji ya mita makumi tu, ya Pemba ni shimo hasa. Sasa yakaushe maji hayo kichwani mwako, usimame kule chini, utazame juu. Unaona nini? Mlima! Sisi Wapemba tunaishi mgongoni mwake wala hatujui.

Basi Jumapili moja ya Disemba, wakati wa karafuu, tukaamua kuutembea mgongo huo kwa miguu. Tulikuwa watano: mimi, mwalimu wa skuli, fundi simu, binti ami yangu anayesomea uuguzi, na mshkaji wa Dar aliyekuja na begi utafikiri anahama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila yeye kuuliza "huku kuna nini?", sisi wenyeji tungelala mpaka adhuhuri.

'NANI KAFA?'

Tulitoka Chake Chake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukashika upande wa kaskazini, mara barabara kongwe ya Wete, mara vijia vya mashambani. Safari yetu ilikuwa mpaka Kidike, kwa popo. Kwa gari ni mwendo mfupi tu. Kwa miguu, kupanda na kushuka, ni siku nzima.

Wasioijua Pemba wanadhani ni tambarare kama Paje. Wapi! Ni tuta baada ya tuta. Juu nyumba na mikarafuu, chini bondeni mpunga. Unapanda, unahema, unafika mgongoni, upepo unakupiga kifuani na harufu ya karafuu iliyoanikwa kwenye majamvi inakuingia mpaka kwenye ubongo. Hujamaliza kuifurahia, unashuka tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu ukawa sabuni. Mshkaji wa Dar na raba zake nyeupe alikwenda chini mara tatu kabla ya chai. Mara ya nne tukaacha kuhesabu.

Kilichotuvunja mbavu ni maswali ya njiani. Mzee mmoja alitusimamisha baada ya salamu:

"Nani kafa?"

"Hakuna msiba, ami."

"Basi mwenda harusini?"

"Hapana, ami. Twatembea tu."

"Mwatembea tu!" Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwa binti ami. "Nauli mmekosa?"

Binti ami akamjibu kwa adabu kwamba nauli anayo, ila kisiwa chake hajakiona. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaingia ndani na kututolea shokishoki kofia nzima. Akasema yeye zamani alikwenda Wete kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo, wala hakuna aliyemuuliza nani kafa.

RAHA NA RIZIKI

Kwa wale waliosahau historia: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Hayo tuliyasoma skuli, sote watano. Kuyaona ni jambo jingine.

Juu ya tuta moja tulimkuta kijana wa rika letu kileleni mwa mkarafuu, kamba kiunoni, polo begani. Mwalimu akamtania: "Na wewe wapanda mlima?" Akacheka. Akashuka kunywa maji, akatujibu hivi: "Nyie mwapanda kwa raha, mie napanda kwa riziki."

Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika. Kaka yake alianguka misimu miwili nyuma, na mpaka leo hajasimama vizuri. Sasa mkarafuu ule ule anaupanda yeye. Anasema mavuno yakimalizika atatafuta njia ya kwenda Muscat. Fundi simu alimuuliza Kidike amewahi kufika. Hajafika. Kidike ilikuwa tuta la pili kutoka pale!

Tuliondoka kimya. Nusu ya wenzangu niliosoma nao wako Dar, Mombasa na Oman. Siwalaumu, maisha ni kutafuta. Lakini mtu anaondoka akiwa amekijua kisiwa chake kupitia vioo vya gari la kwenda bandarini Mkoani. Atawasimulia nini wanawe?

WENYE MJI WAO

Kidike tulifika alasiri, miguu si yetu tena. Pale wananchi wenyewe wanalinda miti wanayolala popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana pengine popote duniani. Akikunjua mabawa anafika kama mita moja na nusu. Mshkaji wa Dar alidhani ni miavuli imetundikwa kukauka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliogopa kwamba popo hawa wanakwisha, maana waliwindwa kwa nyama na misitu yao ilikatwa. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, na katika miaka ya 2000 walihesabiwa kwa maelfu. Popo anakula matunda na kusambaza mbegu. Ukimlinda yeye, msitu unajipanda wenyewe. Na kazi hiyo haikufanywa na watu wa mbali. Imefanywa na majirani walioamua kwamba cha kwao kina thamani.

Jua lilipozama wakaanza kuruka, mmoja, kumi, kisha mbingu nzima. Hata mshkaji wa Dar alisahau simu yake mfukoni.

Ukitaka kujaribu: toka alfajiri, vaa viatu vya kushika udongo, beba maji, salimia kila mtu, usikatize shamba la mtu bila kuomba, na Kidike lipa kiingilio bila mabishano. Mchukue na rafiki aliyekwisha kukata tiketi ya kuondoka. Na mkiulizwa nani kafa, jibuni kwa adabu: hakuna, ami, sote tu wazima, ndiyo maana twatembea.